Moshi wa Udi Mlangoni mwa Majlisi

Kwa nini nyumba yetu, mpya kuliko zote mtaani, yenye kuta nene na madirisha ya vioo viwili, ilikuwa ikila umeme kuliko nyumba zote? Swali hilo lilinikaa kichwani tangu niliposoma mita za umeme za mtaa mzima.

Kiangazi hicho cha 2006 nilikuwa nimerudi kwetu Ibra, Omani, kutoka chuo kikuu, Maskati, nilikokuwa nikisomea uhandisi, nikajipa kazi ambayo hakuna aliyenituma: kuzipa daraja nyumba za mtaa wetu, kwa herufi za Kiarabu, kwa jinsi zinavyotumia umeme. Alifu kwa nyumba isiyopoteza kitu, kisha be, jimu, na mwisho dali, kwa ile inayopoteza ovyo. Kila asubuhi nilipima kuta na kuchungulia mapengo ya milango. Majirani walikubali kwa sharti moja: daraja zote zisomwe hadharani kwenye kahawa ya kina mama, siku ya Alhamisi, na kila mtu aibandike yake langoni. Furaha yangu haikuwa na kifani. Niliamini, na ninaamini bado, kwamba mtu akikiona anachokipoteza ataacha kukipoteza.

Baba yangu, Harub, alikwisha kuitangaza alifu yetu kwa kila aliyekuja kumtembelea. "Nyumba yenye mhandisi ndani yake itapata nini tena?" alikuwa akiwauliza. Mita tu ndiyo iliyokataa.

Jumatano alasiri bibi yangu Kaltham, aliyezaliwa Unguja na asiyestahamili nyumba isiyonukia, aliniita.

"Israa, mwanangu, peleka chetezo majlisini kabla wageni wa babako hawajafika. Na usisimame kupima kuta."

"Sipimi, bibi."

"Jana umekipima chumba changu nami nimelala ndani, kama maiti anayepimiwa sanda."

Majlisi yetu ni chumba cha wanaume, chenye mlango wake wa kutokea barabarani. Nilikuwa nimekipima asubuhi, kitupu na kimefungwa, maana wageni wakishaingia mimi sina njia humo. Sasa mlango ule ulikuwa wazi kabisa, kama baba anavyouacha kila siku tangu alasiri mpaka isha ili mgeni asisumbuke kubisha, na viyoyozi viwili vilikuwa vikinguruma. Nikaweka chetezo karibu na kizingiti.

Moshi wa udi ulipanda kidogo, ukainama, ukatoka nje barabarani. Nikaufunga mlango, moshi ukasimama wima. Nikaufungua; ukainama tena, ukatoka. Moyo ulinienda mbio. Nikafunga, nikafungua, nikicheka peke yangu.

"Bibi, njoo uone," niliita. "Tunaupoza mtaa mzima."

Bibi alikuja akautazama moshi, kisha akatazama nje, walikojinyoosha paka wa jirani. "Ndiyo maana paka wa Rahila hawendi kwao," alisema.

Baba aliingia akatukuta. Nikamwonyesha. Aliufuata moshi ule kwa macho mpaka barabarani.

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo si alifu, baba. Ni dali."

"Marehemu babu yako hakuufunga mlango wake hata siku moja. Mtu akiukuta wangu umefungwa atasema Harub hataki watu."

"Babako alikuwa na baraza," bibi alimwambia baba. "Wageni wakikaa nje, na upepo wa Mungu."

"Mama, hii Ibra. Nikiwakalisha nje mwezi huu wataiva." Akanigeukia, sauti imeshuka. "Nimeshawaambia watu, Israa. Wewe asubuhi si uliukuta umefungwa? Basi andika ulichokiona. Huo si uongo."

Haukuwa uongo, na hilo ndilo lililonitesa. Baba hakuwahi kuniomba kitu. Lakini nilikuwa nimeuona moshi, na sikuweza kujifanya sikuuona.

Alhamisi kina mama walijaa ukumbini kwetu, kahawa na halua zikizunguka. Mlango wa ndani wa majlisi ulikuwa wazi kidogo, na nyuma yake nilisikia kikohozi cha baba.

"Haya, mhandisi," alisema Bi Rahila, ambaye nyumba yake ni ya udongo. "Anza na yangu, watu wacheke mapema, kisha tusikie hiyo alifu ya kifalme."

Nilisimama.

"Naanza na kwetu," nilisema, kwa sauti ya kufika majlisini. "Nyumba yetu ni dali. Nitaibandika langoni leo hii, kabla ya ya mtu mwingine yeyote. Na kwa kuwa nilizipima nyumba zote asubuhi, kuanzia Jumamosi nitazipima zenu upya, alasiri, milango ya majlisi ikiwa wazi."