Fundi Geti Ajifunza Kuimba

Fundi Geti alikuwa na sauti ya kuitia watu nyumba ikiungua, si ya kuimbia. Miaka ya kuchomelea mageti na kushindana na kelele za nyundo ilimfanya akisema habari za asubuhi, jirani aruke. Mwenye sauti pale nyumbani alikuwa mkewe. Mtaani walimwita Chiriku, na hawakumsingizia: alifua akiimba, alimenya vitunguu akiimba, hata ugomvi wake na mumewe uliishia kwenye wimbo.

Kisha koo lake likaota uvimbe. Daktari aliutoa salama, akasema sauti itarudi kidogo kidogo mradi aitumie. Akiinyamazisha mno, itadumaa. Chiriku alijaribu mara moja tu, jikoni. Kilichotoka ni mkwaruzo, naye alipousikia aliona aibu, akafunga mdomo. Tangu hapo akawa mtu wa kunong'ona, tena la lazima tu. Jamani, nyumba ile ilitisha. Fundi alirudi jioni akasikia vijiko vikigonga sahani, roho ikamuuma.

Akamsihi waende wote kwa mwalimu wa sauti, ghorofani juu ya duka la viatu. Chiriku akakataa katakata. Basi Fundi akaenda peke yake kumwomba mwalimu aje nyumbani. Mwalimu, mama mwembamba asiye na masihara, alimjibu kwamba sauti haifundishwi kwa kuburuzwa. Fundi akasimama mlangoni akizungusha kofia mkononi. Mwishowe akasema afundishwe yeye basi, maana kwake hakuna anayeimba tena na kimya kile kimemshinda.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yeye alilazwa chali kabisa. Siku ya kwanza hakuimba hata neno. Aliwekewa kitabu kinene juu ya kitambi, akaambiwa avute pumzi kitabu kipande, aitoe kishuke, mabega yatulie. Raha iliyoje! Akalala fofofo, akakoroma. Mwalimu alimwamsha, akasema pumzi ile ya usingizini ndiyo hasa anayoitaka, sasa aivute akiwa macho. Somo lililofuata lilikuwa la kutetemesha midomo, brrr, mate yakiruka hadi kwenye kinanda. Wateja walimkuta karakanani akifanya hivyo, wakamuuliza kama jenereta imempanda kichwani. Akajikaza kisabuni. Alipopigiwa noti moja ya kinanda aifuate, aliipita juu, akaipita chini, kama mlevi anayetafuta mlango wake. Mwalimu hakucheka. Alimwambia apunguze nguvu, asikilize kwanza, ndipo afungue mdomo.

Wimbo alioutaka ulikuwa mmoja tu, ule wa mkewe wa kufulia. Wiki zikapita akiukokota.

Asubuhi moja ya mapumziko, Chiriku alikuwa uani anakunja nguo. Fundi akatoka, akasimama karibu na kamba. Akaanza. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri hata akajishangaa. Wa pili, pale wimbo unapopanda, yeye akashuka. Chiriku akakunja uso. Fundi akarudia, akashuka tena. Mkewe akawa anakunja shati lililokwisha kukunjwa. Mara ya tatu alipanda, lakini alikopanda Mungu ndiye ajuaye.

"Siyo hivyo, mume wangu," Chiriku akanong'ona. "Unauua."

"Basi nionyeshe."

Akatikisa kichwa. Fundi hakumbembeleza, alivuta pumzi, akaanza upya, akaelekea kulekule kubaya kwa moyo mkunjufu. Hapo Chiriku uvumilivu ulimwishia. Akatupa shati kwenye beseni, akafungua mdomo, akaupandisha mstari ule mwenyewe. Sauti ilikuwa nyembamba, ya mikwaruzo, na katikati ikakatika kabisa. Akaidaka mbele, akaufikisha wimbo mahali pake.

"Umesikia? Haya, fuata."

Fundi akafungua mdomo, yakatoka machozi. Mwanamume mzima akabaki anajifuta uso kwa viganja. Chiriku alimngoja, akamngoja, akaona huyu leo hapatikani. Akaokota shati, akaendelea na ubeti wa pili peke yake.