Bustani Nyuma ya Soko

Meya alitaka mji mkuu wote ukae juu ya meza moja: kasri kongwe la wafalme, wizara, soko kuu, viwanda, hadi watu wa kadibodi barabarani. Seremala akauchonga, paa kwa paa. Ila mtaa wa washona viatu, nyuma ya soko, haukuwemo. Ramani mpya ya halmashauri ilionyesha bustani pale, naye akabandika miti ya sifongo. Mtumikie kafiri upate mradi wako, alijiambia. Mradi gani, hata yeye hakujua.

Siku ya maonyesho alikuja shangazi yake, aliyemlea katika mtaa huohuo.

"Jamani, huyu ni mwanangu!" aliwatangazia hata walinzi. Kisha akaanza kuitafuta nyumba yake. Kidole kilitoka kasrini, kikapita sokoni, kikasimama juu ya miti.

"Si hapa kwangu?"

"Ndipo, shangazi."

"Mbona siioni nyumba?"

Wageni walikuwa wanasikiliza. Meya naye alikuwa anasikiliza.

"Imezibwa na miti," seremala akasema.

Shangazi akacheka kwa furaha. "Kumbe watatupandia miti! Na sisi tulivyowasema vibaya!"

Jioni seremala alikwenda kwa shangazi kumwambia ukweli. Alimkuta uani, jasho linamtiririka, amekwisha kung'oa mchicha wake wote na anachimba mashimo.

"Nawapunguzia kazi wenzetu wa halmashauri," akasema, akimnyooshea jembe. "Hebu nipokee, mwanangu, mgongo umechoka."

Seremala akalipokea, akachimba.