Wito wa Korongoni

Mume wangu Elibariki alinikataza kuita kama tunavyoita kwetu Rombo. "Hapa ni mtaa wa Gerezani, Mama Vicky. Watu wanatucheka." Nikajifunza kuongea harakaharaka kama watu wa Dar, kila neno unalikata katikati. Nilikereka, sitaficha.

Kwetu nyumba na nyumba zimetenganishwa na korongo. Maneno hayavuki, yanamezwa na migomba na kelele za mto. Kinachovuka ni sauti ndefu tu, ukiivuta mpaka pumzi iishe. Na aliyeitwa hapotezi muda kujibu, anatoka uwanjani aonekane.

Jumatatu ile nilimpelekea chakula cha mchana gereji. Alikuwa chali chini ya lori, miguu tu inaonekana. Mvua ilikuwa imenyesha. Nikaona jeki inalala polepole, kitako chake kinazama kwenye tope.

"Baba Vicky, toka!" Binti yetu Vicky, anayeuza vipuri hapo mlangoni, naye akapiga kelele. "Baba! Toka, toka!" Lakini majirani walikuwa wanagonga mabati, mwingine anakata chuma kwa mashine. Miguu haikutikisika. Kati yetu na yeye palikuwa na milundo ya injini kuukuu, nisingewahi kumfikia.

Nikaweka aibu pembeni, nikamwita kama mama yake alivyokuwa akimwita.

"Eeeee-liiiii! Uuuuu-iiiii!"

Akatoka. Alijiburuza mbio, akaja kusimama mahali pa wazi, spana mkononi, amefura. "Si nilikukataza—"

Lori likashuka nyuma yake kwa kishindo. Nilikaa kwenye tope nikalia.

Akaninyanyua. Kisha akaniambia, "Mfundishe mtoto." Maana mimi nina duka Kariakoo, anayeshinda naye hapo gereji ni Vicky.

Tumejifunza wiki nzima. Lakini Vicky kazaliwa Buguruni, jirani yuko nyuma ya ukuta. Hajawahi kumwita mtu wa ng'ambo ya korongo.

"Mama, mbona inanikatikia?"

"Vuta, mwanangu. Usiimeze."

Jana Elibariki akataka tujaribu. Akaingia chini ya lori lililotegemezwa kwa magogo, mafundi wakaendelea kugonga. Vicky akaita. Akaita tena. Mara ya tatu mishipa ya shingo ilimtoka na machozi yakamdondoka.

Miguu ya baba yake haikutikisika.

Leo sijafungua duka. Nimekaa hapa Gerezani, yeye yuko chini ya lori, mimi naangalia jeki.