Baragumu Lisilo na Jina

Yoramu alikuwa na albamu nzima ya mwisho wa dunia, ila mwisho wenyewe ndio ulikuwa haujapatikana. Nyimbo nyingine zote zilikuwa tayari. Yeye na bendi yake walizirekodi Tabora mjini, katika chumba cha nyuma cha karakana moja ya mtaa wa Mtendeni, madirisha yamezibwa kwa magodoro ili majirani wasilalamike, nao wakalalamika vilevile. Ulikuwa muziki wa metali, ule wa magitaa mazito na kinanda kinacholia kama kimefiwa. Yoramu ananguruma, na juu yake Anifa anaimba kwa sauti nyembamba, safi, aliyoinoa tangu utotoni kwa kaswida. Albamu waliiita Pakanga, jina la ile nyota ya Ufunuo inayoanguka na kuyatia maji uchungu.

Wala hawakumwiga mtu. Farasi wao wa kijivujivu alipita njia ya zamani ya misafara, na Babeli yao ilikuwa soko la Unyanyembe, mahali palipouzwa pembe za ndovu na watu kwa kupatana bei. Nzige wao walishukia tumbaku ya Urambo. Ukiusikiliza ule wimbo wa Babeli ukiwa peke yako, utainuka ukafunge mlango hata kama ni mchana.

Kilichobaki kilikuwa baragumu la saba, lile la mwisho katika Ufunuo, na Yoramu alijua liko wapi. Baba yake, mzee Jilala, alikuwa mpiga tarumbeta wa kanisa la Moraviani katika kijiji chao, ndani huko Sikonge. Kijijini hapo mtu akifa, simu hazitangulii. Mzee Jilala husimama uani kwake, hupiga wimbo wa msiba, kisha huishusha tarumbeta na kulitaja jina la marehemu kwa sauti ya kusikika mbali. Hapo wanaolima huacha majembe, wanawake huchota unga, na baada ya kitambo nyumba ya msiba imejaa watu.

Tusidanganyane, lakini. Yoramu hakuitaka tarumbeta tu, alimtaka baba yake. Mzee alikuwa amemkataza kurudi nyumbani mpaka aache kunguruma kama mwenye pepo, na katazo hilo lilimla moyo kuliko alivyokiri kwa wenzake. Alijiambia kwamba baba akikubali kupiga wimbo mmoja tu, watakuwa wamepatana, na albamu yenyewe itakuwa shahidi. Kwa hiyo akampakia Anifa kwenye pikipiki, wakala vumbi hadi kijijini.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," alijibu mzee, macho yakiwa kwenye majani ya tumbaku aliyokuwa akiyapanga. Anifa alipomwamkia, mzee alimtazama vizuri na kumkaribisha kigoda.

Yoramu akaeleza. Alieleza kwa adabu, akataja sura na aya, akaapa kwamba hakuna neno la shetani humo, ni Ufunuo mtupu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ule wimbo haupigwi bila jina," alisema. "Nani amekufa?"

"Hakuna, baba. Ni albamu."

"Basi hakuna wimbo. Nikipiga bila maiti nitakuwa nimewadanganya watu, na Mungu pia yuko anasikia. Mpe binti wa watu maji, mle, mwende zenu."

Akainuka akaenda kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku, kuangalia moto. Mama, Recheli, aliwapakulia chakula, na alipokwenda kisimani Yoramu akaingia chumbani akaichukua tarumbeta. Alikuwa amefundishwa wimbo ule na baba huyo huyo, enzi walipokuwa wakipatana.

"Turudi mjini, Yoramu," Anifa alimsihi. "Mzee amekataa. Kwetu mtu mzima akikataa hivi, yamekwisha."

"Tunaingia porini, mbali. Hatasikia mtu."

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa la mtu aliyekaa mjini mpaka akasahau kwao. Kilikuwa kiangazi. Miombo ilikuwa imepukutisha majani, na pori lisilo na majani halizuii sauti. Walisimama chini ya mizinga ya nyuki, Anifa akashika kinasa sauti, Yoramu akapiga. Alipiga vizuri, hilo hatuwezi kumnyima. Anifa alilia. Wimbo ulipofika mwisho, pale pa kutaja jina, Yoramu alinyamaza. Alipaacha patupu makusudi, ili mjini Anifa apajaze kwa sauti yake.

Waliporudi uani walikuta watu. Wanawake walikuwa na unga vichwani, wanaume na kuni mabegani, na wengine walikuwa bado wanaingia. Mzee Jilala alikuwa amesimama katikati yao, mikono mitupu. Aliiona tarumbeta mkononi mwa mwanawe, na wote wakaiona.

"Mzee Jilala," alisema Festo, mzee wa kanisa, "wimbo tumeusikia, ila jina upepo umelichukua. Tumefiwa na nani?"

Yoramu alifungua mdomo aseme ni yeye aliyepiga, alikuwa akifanya muziki tu. Baba alimwinulia kiganja. Akaichukua tarumbeta, akaifuta mdomo wake kwa pindo la shati, taratibu.

"Tarumbeta hii haijawahi kuwadanganya," mzee alisema. Kisha akapaza sauti, ile ile ya misiba yote. "Ni Yoramu. Mwanangu Yoramu."

Festo alimtazama Yoramu aliyesimama hai mbele yake, akamtazama baba mtu, kisha akainamisha kichwa na kuutua mzigo wake wa kuni. Mwingine akatua wake. Recheli, aliyekuwa amesimama mlangoni, alijifunga kanga kiunoni akaanguka chini akilia, na wanawake wakampokea kwa kilio. Haikuwa igizo. Mikeka ikatandikwa, mafiga yakapangwa. Watu walimpita Yoramu bila kumgusa wala kumsalimu, na alipomwita Festo kwa jina, Festo aliendelea kupasua kuni.

Anifa alimvuta mkono hadi nyuma ya jiko. Hapo Yoramu akaketi chini. Jua lilipoanza kushuka mama alikuja akiinama, macho yamevimba, ameficha sahani ya ugali na maharage chini ya kanga. Akamwekea mapajani, akamshika shavu mara moja.

"Kula upesi, mwanangu, uende," alinong'ona. "Wananisubiri nirudi kukulilia."