Bibi Niragira na Fomu ya Matumaini

Mwaka ule wa tisini na saba, shirika moja lililokuwa likihudumia wakimbizi wilayani Ngara liliamua kupima matumaini ya wazee. Chakula kilikuwa kimeshapimwa, maji yameshapimwa, watoto wameshapimwa mikono kwa utepe. Yalikuwa yamebaki matumaini. Ikaandikwa fomu ya maswali arobaini na moja, huko mbali ilikoandikwa, ikatafsiriwa kwa Kiswahili na mtu aliyeonekana kuwa na haraka ya kwenda kula. Kisha wakaajiriwa vijana sita wa kuizungusha kambini. Mmoja wao alikuwa Laurian.

Laurian alikuwa Mhangaza wa Nyakisasa, mwenye miaka ishirini na sita na cheti cha kidato cha nne. Hakuwa mvivu wala mtu wa roho mbaya. Shida yake ni kwamba alikuwa hajaanza kuishi, alikuwa anasubiri. Mkataba wake ulikuwa wa miezi mitatu mitatu, na maisha yake yote aliyapanga foleni nyuma ya mkataba wa kudumu. Kuoa, akishapata mkataba wa kudumu. Kumtembelea mama, akishapata mkataba wa kudumu. Chumbani alikuwa na kalenda ambayo kila siku iliyopita aliikata kwa wino mwekundu, na mara nyingine aliikata siku yenyewe saa nne asubuhi, hata chai hajanywa.

Laurian alimkuta Bibi Niragira mbele ya kibanda chake cha turubai, amekaa kwenye mkeka, anachambua maharage ya mgawo. Alikuwa Mrundi, mwembamba, wa miaka sabini au themanini. Mwenyewe hakuona haja ya kuhakikisha.

"Shikamoo, bibi."

"Ndiyo," akajibu, maana kwao marahaba haikuwapo.

Laurian akahamia Kihangaza, ambacho Mrundi hahitaji mkalimani kukielewa, akaruka hadi swali la saba. "Katika mizani ya moja hadi kumi, matumaini yako kuhusiana na kesho yana ukubwa gani?"

Bibi akaacha kuchambua. "Kesho umeiona wapi wewe?"

"Ni swali tu, bibi."

"Niulize ya leo, ndiyo niliyo nayo."

Laurian alikuwa na wazee kumi na wanane wa kumaliza kabla ya jua kuwa kali. "Haya, leo. Moja hadi kumi."

"Kumi!" alisema bibi bila kusita. "Asubuhi nimegombana na yule Ndikuriyo, mzee wa kibanda kile, kuhusu mpaka wa bustani yangu ya lengalenga, huu mchicha wetu. Nimemshinda. Amekosa neno hata moja la kujibu, ameingia ndani kulala. Andika kumi."

Laurian akaandika kumi penye swali la kesho, akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi kwa maswali yaliyobaki, akamkuta bibi amekunja uso. Leo ni tatu, alisema. Maharage yamechemka tangu alfajiri na bado yanagonga kama kokoto, halafu Ndikuriyo amepata jibu. Fomu haikuwa na nafasi ya kubadilisha. Laurian akaona ni salama zaidi kutoandika kitu.

"Mikono yako imekaa bure," bibi akamwambia, akamsukumia ungo. Hivyo ndivyo urafiki ulivyoanza: kwa amri.

Maswali yakaisha, lakini Laurian akaendelea kupita. Hakujua kwa nini. Alijiambia ni ufuatiliaji. Kila alipofika, kabla hajakaa, bibi alimuuliza, "Leo umeona nini?"

"Nimeona kazi, bibi."

"Kazi haionekani. Umeona nini?"

Siku za kwanza hakuwa na la kusema, naye bibi alimtazama kama mtu aliyekuja msibani mikono mitupu. Basi Laurian, kwa aibu tu, akaanza kutazama njiani ili apate cha kupeleka. Akaona mfugaji wa Kisukuma aliyetundika redio kwenye pembe ya ng'ombe ili yeye na mnyama wote wasikie taarifa ya habari. Akaona magari matatu ya mashirika matatu yamekwama kwenye tope moja, kila dereva akisubiri ruhusa ya makao makuu kumvuta mwenzake. Bibi alisikiliza kama hakimu. "Ya ng'ombe ni nzuri. Ya magari umeileta mara mbili, tafuta nyingine." Ndikuriyo naye alisogea hadi kwenye mpaka wa bustani kusikiliza, akidai anapalilia.

Siku moja bibi akauliza, "Mama yako leo amekula nini?"

"Sijui. Yuko Nyakisasa."

"Ni mbali?"

"Kwa baiskeli, saa mbili."

"Ulimwona lini?"

"Miezi mitano. Nikishapata mkataba wa kudumu..."

Bibi akanyoosha kidole kuelekea magharibi. "Kilima kile chenye miti juu unakiona? Nyuma yake ni kwetu. Kila asubuhi nakiona. Mimi siwezi kwenda." Akarudi kwenye maharage yake. "Wewe una baiskeli."

Jumapili ile Laurian alifika Nyakisasa kabla ya watu kutoka kanisani. Mama yake, Domisiana, alimwona akiingia uani, akashika kichwa. "Wamekufukuza!"

Ilimchukua nusu saa kumsadikisha kwamba amekuja tu. Wakala ndizi kwa maharage, Laurian akamtazama mama akila, akagundua kwamba siku hizi anatafuna upande mmoja tu. Hilo nalo lilikuwa limemsubiri kwenye foleni.

Wakati huohuo, ofisini, kompyuta ikatoa matokeo. Matumaini ya wazee kwa wastani yalikuwa mbili nukta tisa. Mtu mmoja tu, katika kambi nzima, alikuwa na kumi.

Bwana Nshoma, Mratibu Msaidizi wa Matumaini, alisoma jina hilo akiwa amesimama. Kabla ya wiki kuisha, Bibi Niragira alikuwa mradi. Mradi ukapata jina, Vuna Matumaini, na fulana za njano. Ikafanyika semina ya siku mbili kujadili siri ya bibi, na bibi mwenyewe hakualikwa. Ikatangazwa kwamba wafadhili watafika kumwona kwa macho yao.

"Laurian," Nshoma akasema, akimshika bega, "wewe ndiye utakayetafsiri. Mambo yakienda vizuri, ule mkataba wa kudumu nimeshauandika. Imebaki sahihi."

Siku yenyewe ilifika. Wageni walikuwa watano, wamevaa kofia pana. Ngoma za Kirundi zilikodiwa, zikapigwa tangu getini. Lakini walipokaribia kibanda, Laurian aliona bustani ya lengalenga imekanyagwa, na kwa Ndikuriyo watu wamekaa chini kimya. Bibi alikuwa miongoni mwao, kitambaa kichwani, udongo mwekundu miguuni.

Nshoma naye aliona. Akawaambia wageni kwamba wazee wamekusanyika kwa furaha kuwalaki.

Bibi aliinuliwa, akaketishwa kwenye kiti cha plastiki. Mgeni mkubwa akainama, akauliza kwa upole, na Laurian akatafsiri: leo, kati ya moja na kumi, anajisikiaje?

"Leo?" Sauti ya bibi ilikuwa ikikwaruza. "Leo ni sifuri. Ndikuriyo tumemzika asubuhi. Nani nitagombana naye sasa? Nanyi mmekuja na ngoma."

Ngoma zikanyamaza, maana wapigaji walikuwa Warundi na walikuwa wamesikia.

"Sema kumi," Nshoma akanong'ona huku akitabasamu kwa wageni. "Laurian. Kumi. Neno moja tu."

Laurian aliona mkataba wa kudumu kama mtu anavyoona basi limesimama na mlango uko wazi. Kisha akamtazama bibi, ambaye hakuwahi kumdanganya kuhusu siku hata moja, nzuri au mbaya.

"Anasema sifuri," alisema. "Wamemzika rafiki yake leo."

Wageni wakatazamana. Mmoja akafungua makabrasha, akaeleza kwa masikitiko kwamba mizani inaanzia moja, sifuri haimo.

Laurian akamtafsiria bibi. "Basi waambie waiongeze," alijibu, akainuka kwenye kiti, akarudi kukaa chini na wenzake. Laurian akavua fulana ya njano, akabaki na singilendi, akaenda kukaa karibu naye. Nshoma akawapeleka wageni kuona kisima.

Ripoti ilitoka baada ya mwezi. Ilisema kwamba matumaini ya mlengwa mkuu yameshuka kwa asilimia mia moja, jambo linaloonyesha wazi kwamba mradi unahitajika sana, na ukaongezewa miaka mitatu. Nshoma akapandishwa cheo, neno Msaidizi likafutwa mlangoni kwake. Laurian hakuongezewa hata wiki. Barua ilisema ana mtazamo hasi.

Akarudi Nyakisasa. Akaanza kulima na mama yake, na mara mbili kwa wiki akawa anapeleka ndizi kwa baiskeli kwenye soko la kambi, kisha anapita kwa bibi. Alimkuta amepanda upya lengalenga, mpaka ukiwa palepale alipoutaka Ndikuriyo.

"Ameshinda?" Laurian akauliza.

"Nimemwachia," alisema bibi, na hakutaka kuendelea.

Alasiri moja Laurian alifika amejaa maneno. Njiani alikuwa amewaza sana. "Unajua, bibi, nimegundua kitu. Kila siku ni zawadi. Watu wengi wanakimbilia kesho, kumbe binadamu anatakiwa..."

"Mwana wanje, mwanangu," bibi akamkata, "umeanza kuwa kama semina. Mvua inakuja. Shika hapa."

Akampa ncha ya turubai iliyokuwa imechomoka kwenye mti wa kibanda. Upepo ukalivuta, Laurian akalishika kwa mikono miwili, bibi akafunga kamba, akatikisa kichwa, akafungua, akafunga tena. Matone ya kwanza yalikuwa makubwa na ya baridi.

"Vuta," bibi akasema. "Bado. Vuta."