Kanyere Hataki Kurudi Nyuma

Kalamu ya Kanyere ililala mezani kabla wenzake hawajafungua ukurasa wa pili. Akakunja mikono, akanitazama kana kwamba mimi ndiye ninayemchelewesha.

"Nimemaliza, tonton."

"Kagua."

"Iko sawa."

Iko sawa! Nilimnyang'anya karatasi. Aliruka swali la tisa, jibu la kumi likaingia kwenye kisanduku cha tisa, na msururu wote ukateremka hivyo mpaka mwisho. Hesabu amezipata, karatasi ameiharibu. Mwaka uliotangulia kosa hilohilo lilimnyima nafasi katika shule ya wauguzi, na sasa mtihani wa kuingia ulikuwa Jumatatu. Anayeanguka mara mbili hapokelewi tena, na kwingine kwa kwenda kujaribu hakukuwepo; vita vilikuwa vimetufungia mto na barabara, tukabaki humuhumu Kisangani.

Tangu mshahara wa ualimu ugeuke hadithi, nilikuwa nikifundisha hisabati sebuleni kwangu, hapa mtaani Makiso, na mpwa wangu huyu, anayeniita tonton, yaani mjomba kwa Kifaransa, ndiye aliyekuwa na akili kuliko wote. Ndiye pia aliyenimaliza. Nilimbembeleza, nikamfokea, nikamficha kalamu. Wapi! Alikula amesimama, alioga kama mtu anayefukuzwa, hata sala aliikata katikati. Nikauita uzembe. Nilimwita mzembe mbele ya watu, tena si mara moja.

Siku hiyo wenzake walipoondoka nilimfungia njia mlangoni.

"Unataka nini, Kanyere? Nije nikukagulie mimi? Umemaliza mapema, muda unao, kurudi nyuma kunakushinda nini?"

"Mama alirudi."

"Alirudi wapi?"

"Kuangalia mlango." Hakuniangalia. "Tulikuwa tumeshafika barabarani, mabomu yanaanguka, akasema ngoja, sijui kama nimefunga vizuri. Nikamwambia, umefunga mama, nimekuona. Akasema ngoja nihakikishe." Akafuta pua kwa kiganja. "Ulikuwa umefungwa, tonton. Nilikwenda kuuangalia baadaye. Ulikuwa umefungwa."

Kasoki, mama yake, alikuwa dada yangu wa pekee. Katika zile siku sita majeshi ya kigeni yalipopigana mjini kwa mizinga, kabla ya mtihani wake wa kwanza, nilimzika mwenyewe uani, maana makaburini hakukufikika. Nilijua bomu lilimkuta kwenye kizingiti. Kwa nini alikuwa kizingitini ilhali mtoto wake yuko barabarani, sikuwahi kuuliza, na miezi yote hiyo nimekuwa nikimpigia mtoto kelele: rudi, hakikisha, rudi! Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Nikayakasirikia mabomu na walioyatuma, nikaukasirikia na mdomo wangu.

Kesho yake nilisema, "Bon, haya. Usirudi. Kagua palepale ulipo. Kidole kimoja kwenye namba ya swali, kingine kwenye namba ya kisanduku. Zikilingana, andika, kisha nenda zako."

"Kama mtoto wa chekechea?"

"Kama mtoto wa chekechea."

Alinuna, akajaribu. Makosa yalipungua, hayakuisha. Jumapili jioni aliruka swali tena, na ilibidi nitoke nje nikapige teke ndoo ili nisimwambie neno.

Jumatatu nilisimama nje ya chumba cha mtihani, penye dirisha ambalo vioo vyake vilipasuka wakati wa vita na hakuna aliyevirudisha. Nilimwona Kanyere akisogeza vidole vyake viwili, taratibu kuliko nilivyotarajia, ingawa bado alimaliza wa kwanza. Akasimama. Akachukua karatasi yake, akaanza kutembea kuelekea kwa msimamizi, aliyekaa karibu na mlango. Nikauma meno. Mtoto huyu, jamani, hata leo?

Katikati ya chumba akasita. Akautazama mlango, ulikuwa wazi. Akaitazama karatasi. Akasimama hapo mpaka msimamizi akainua kichwa na kunyoosha mkono aipokee, naye Kanyere akatikisa kichwa, akageuka, akaanza kurudi kwenye dawati lake.

Hilo ndilo nililomwomba Mungu mwaka mzima. Lakini nilipomwona amegeuza mgongo, anarudi, sikufurahi; nilimwona Kasoki akirudi kwenye kizingiti. Nilitaka kumpigia kelele: toka, mwanangu, acha, toka upesi! Nikajiziba mdomo kwa mikono miwili.

Kanyere aliketi, akafungua ukurasa wa kwanza.