Mwanamke Juu ya Kenchi

Mimi si mtu wa kujisifu, lakini ukitoka Kasulu mjini mpaka Nyakitonto, zile nyumba za bati utakazoona zimenyooka vizuri, nyingi nimepaua mimi, Verediana binti Felisiani. Baba alikuwa fundi, hakujaliwa mtoto wa kiume, akanikabidhi nyundo nikiwa darasa la sita. Wanaume wa kwetu walinicheka miaka miwili. Mwaka wa tatu wakaanza kuniita kwenye nyumba zao.

Kwa hiyo kanisa letu lilipoamua kupeleka timu ya misheni ng'ambo ya mpaka, Burundi, siku kumi za kujenga kanisa na kuhubiri, nilijua tu kwamba nimo. Watu wamezoea wamisheni wanaoshuka kwenye ndege na kofia pana. Safari hii wamisheni tulikuwa sisi, watu wa Kasulu, na bati arobaini juu ya gari. Marehemu baba aliingia Tanzania mwaka sabini na mbili, kijana anakimbia mauaji ya kwao Burundi, hana hata kikombe mkononi. Leo binti yake, raia wa Tanzania, anarudi alikotoka baba akiwa amebeba bati. Acha nijivune bwana, kuna siku za kujivuna!

Tulikuwa watano. Kiongozi wetu alikuwa Mchungaji Lusajo, Mnyakyusa, kijana mpole ambaye hata fundi baiskeli hamalizi kuziba pancha kabla hajahubiriwa. Fundi mkuu alikuwa Gasper, mimi msaidizi wake kwenye karatasi. Nasema kwenye karatasi tu. Wawili waliobaki ni wanakwaya.

Waumini wa kilima tulichofikia, maana Burundi kijiji ndicho kilima, walikuwa wameshasimamisha kuta za kanisa kwa matofali mabichi, maana kuni za kuyachoma hawakuwa nazo. Kazi yetu ilikuwa kupaua. Siku tano za kwanza tulikwenda vizuri, kenchi zote, yaani mbao za kubeba paa, zikasimama. Siku ya sita Gasper akateleza njia ya kisimani, kifundo cha mguu kikavimba kama kiazi. Na mawingu nayo yakaanza kujikusanya, kwani ilikuwa mwisho wa Septemba. Mvua ikizikuta kuta za matofali mabichi ziko wazi, zinarudi kuwa udongo.

"Mafundi wenu wako wapi?" Mchungaji akawauliza wenyeji.

"Wako kwenu Kasulu," wakamjibu. "Wanalima vibarua."

Nikasema, sasa shida iko wapi? Nikafunga kitenge juu ya suruali yangu ya kazi, nikachomeka nyundo kiunoni, nikapanda ngazi. Nilipofika juu nikanyoosha mkono nipewe bati la kwanza. Mkono ukabaki hewani. Huko chini wanaume walikuwa wamelaza bati kwenye majani na kusogea pembeni, mmoja mmoja, kama watu waliopata habari ya msiba.

Mzee Nsabimana, mzee wa kanisa lile, akaniambia bila kupandisha sauti, "Shuka, mwanangu. Kirazira." Yaani ni mwiko.

"Mwiko gani tena?"

"Mwanamke hapandi juu ya nyumba. Akipanda anamtakia kifo mwenye nyumba."

Hapo kichwa changu kikachemka. Nikamjibu kutoka hukohuko juu, na hilo ndilo lililokuwa kosa langu kubwa, kumjibu mtu mzima nikiwa juu ya kichwa chake. "Mzee, nyumba yangu nimeipaua mwenyewe, na mume wangu Marcel yu mzima! Jana tu kanipigia simu kuuliza chumvi iko wapi!"

Wanakwaya wetu wakacheka. Wenyeji hawakucheka. Wakachukua majembe yao wakaondoka, hata Mama Maximilla, mjane aliyekuwa akitupikia, ambaye alinipa kitanda chake yeye akalala mkekani.

"Dada Vere," Mchungaji akaniambia, "tumekuja kuwajengea hawa watu, hatukuja kuwashinda." Nilitamani kumrushia nyundo. Lakini jioni manyunyu yalipita kidogo, nikaenda kuugusa ukuta wa upande wa mashariki, udongo ukabaki kidoleni. Nikaogopa, sitawaficha. Akilini niliwaona akina mama wa Kasulu waliotoa maharage yao ili bati zipatikane, nikaziona bati zimelala majanini, na sababu ni mdomo wangu. Hasira hasara, wahenga hawakukosea.

Asubuhi nikavaa kitenge changu kizuri nikaenda kwa Mzee Nsabimana, peke yangu. Mlangoni kwake nikainama, nikapiga makofi taratibu kama kwetu tunavyowaamkia wakubwa. "Mwakeye," nikasema, ndiyo salamu ya asubuhi, na nikaendelea kupiga makofi mpaka yeye mwenyewe aliponiambia inuka. Makofi hayo baba alinifundisha kabla ya nyundo. Mzee akaniuliza baba yangu ni nani na ametoka kilima gani. Nilipomtajia, akanisogezea kigoda.

Nikaomba radhi. Kwangu mimi kuomba radhi ni kazi kuliko kubeba mfuko wa saruji, lakini niliomba, tena kwa maneno mengi. Kisha nikasema, "Mzee, niruhusu niulize. Ulisema mwanamke akipanda juu anamtakia kifo mwenye nyumba."

"Ndivyo."

"Ile nyumba tunayoipaua, mwenyewe ni nani?"

Alitaka kusema ni waumini, akajizuia. "Ni Bwana Yesu."

"Basi mzee wangu, huyo alishakufa. Na siku ya tatu akatoka kaburini. Mimi na hii ngazi yangu nitamfanya nini tena?"

 Mzee akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika. Nikajua nimemliza, yamekwisha, turudi kwetu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya koti. "Felisiani alizaa," akasema. "Jamani, alizaa!" Akachukua fimbo yake akatangulia.

Kanisani aliwakusanya watu akawaeleza maneno yangu kana kwamba ni yake, nami nikamwachia, mzee ni mzee. Bati la kwanza alinipa yeye mwenyewe kwa mikono yake. Baada ya hapo hakuna aliyebaki pembeni. Gasper alikaa kwenye benchi, mguu juu ya gunia, akinielekeza mambo ambayo nayajua kuliko yeye, nikawa naitikia tu, "Sawa fundi."

Jumamosi mchana nikagongelea kofia ya paa, na saa tisa mvua ikaja, mvua yenyewe. Watu wote wakaingia ndani wakasimama wakitazama juu. Halikudondoka hata tone! Akina mama wakapiga vigelegele, na mimi nikatoka nje makusudi nikalowe, ili nione maji yanavyoteremka kwenye bati nilizozipanga. Nililia kwa furaha, na baba nilimwambia kwa sauti, "Umeona?"

Jumapili tukaabudu humo. Jumatatu asubuhi tulikuwa tunapakia mizigo, Mama Maximilla akanishika mkono akanipeleka nyuma ya nyumba yake. Chumba cha nyuma kilikuwa kimebomoka paa, nyasi zimeoza, unaona mbingu. Pembeni alikuwa ameweka mafungu ya nyasi mpya, amezikata na kuzifunga vizuri, na ngazi ya miti.

"Mume wangu ana miaka minne kaburini," akasema. "Miaka minne namsubiri mwanaume wa kuniezekea. Shemeji kila siku ananiambia kesho."

Akaniangalia usoni.

"Mwanangu, mwenye nyumba yangu naye alikufa. Hajafufuka bado."

"Bado, mama."

"Basi nikipanda, nitakuwa namtakia nini?"

Nikaiegemeza ngazi ukutani. Barabarani gari likapiga honi, Mchungaji akaniita mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. "Nisubirini!" nikapaza sauti. Nisingeweza kwenda. Nilikuwa nimeishika ngazi kwa mikono yote miwili, na Mama Maximilla, fungu la nyasi begani, alikuwa amekwisha kupita katikati yake akipanda.